Brauza Inakata na Kurudi: Tuanzie Wapi?

(Mazungumzo na wenye steshenari na vibanda vya huduma za mtandao, Morogoro. Nayaweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Picha za ukutani nimeziacha, hazikuwa na neno ambalo halimo humu.)

Mwenyekiti wa kikao, wenzangu wenye steshenari, mafundi niliowaona hapa, na ninyi vijana mliokaa nyuma kabisa karibu na mlango kama watu wenye safari: habari za asubuhi. Bado sijasikia. Habari za asubuhi! Haya, sasa tuko pamoja.

Nimeombwa nizungumzie kitu kimoja tu, nacho ni brauza inayokata mtandao na kurudi. Sizungumzii mtandao uliokufa kabisa. Uliokufa hauna shida: unampigia mtoa huduma, unaagiza chai, unasubiri. Nazungumzia ule unaokata dakika mbili, unarudi nusu saa, halafu unakata tena mteja akiwa ukurasa wa mwisho wa maombi ya mkopo wa chuo. Ameshapandisha cheti cha kuzaliwa, ameshapandisha picha, anabonyeza kutuma, na yule dinosa anatokea. Mnamjua dinosa wa Chrome? Mnamjua sana. Wengine hapa mmeshamrukisha miiba hadi mkazifikisha alama maelfu.

Sasa niwaulize. Dinosa akitokea, unafanya nini? Semeni ukweli.

Mama pale anasema anazima ruta. Dada huyu anafuta historia. Kijana wangu huyu anaondoa Chrome nzima na kuiweka upya, na kazi hiyo anaitoza pesa. Ajabu ni kwamba wote watatu watakuapia kuwa dawa yao inatibu. Kwa nini isitibu? Tatizo lenyewe linaondoka baada ya dakika tatu! Ungefukiza ubani juu ya ruta, lingeondoka. Ungepiga makofi, lingeondoka. Tatizo linalokuja na kuondoka humpa sifa kila fundi, na ndiyo maana tunakaa nalo miezi.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza leo ndilo gumu kuliko yote: mtandao ukikata, usiguse kitu. Usizime ruta. Usifute chochote. Usiondoe programu. Dakika ile ya kukata ndiyo yenye ushahidi, na ukizima ruta ushahidi umeufuta kwa mkono wako. Ni kama mgonjwa ambaye homa humpanda usiku, akifika hospitali asubuhi amepoa. Daktari atapima nini? Pima homa ikiwa juu.

Utaipimaje? Kwa kuuliza: nani mwingine amekatika?

Chukua simu yako iliyo kwenye waifai hiyohiyo. Lakini kabla ya kufungua chochote, zima data ya laini. Hapa wengi tunajidanganya. Simu ikiona waifai haina intaneti, nyingi huhamia data ya laini kimyakimya, nawe unasema, "Mbona kwenye simu inafungua?" Zima data kwanza. Halafu fungua tovuti ambayo hujaifungua leo, kwa sababu brauza hutunza nakala za kurasa na inaweza kukuonyesha ya asubuhi ukadhani mtandao upo. Simu ikifungua na kompyuta ikagoma, ruta haina kesi, mtoa huduma hana kesi. Kesi iko kwenye kompyuta. Kompyuta ikifungua kwa Firefox na kugoma kwa Chrome, kesi iko kwenye Chrome. Vyote vikigoma kwa pamoja, achana na kompyuta, mfuate ruta.

Kisha kuna madirisha meusi. Msiogope. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter. Fungua mawili. Tutatumia ping, amri ya kuita kompyuta nyingine na kusubiri iitike. La kwanza liandikie ping -t na anwani ya ruta yako, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1; tazama kibandiko chini ya ruta. La pili liandikie ping -t 8.8.8.8, ambayo ni kompyuta ya Google iliyo nje huko. Yaache yatembee siku nzima pembeni ya skrini, hayali bando la maana. Mistari ikishuka na kutaja milisekunde, njia iko wazi. Ikianza kuandika "Request timed out", njia imekatika, na sasa unajua imekatika wapi. Dirisha la kwanza likikwama, tatizo liko kati yako na ruta: waifai, waya, au mashine yenyewe. La kwanza likitembea na la pili likakwama, tatizo liko kati ya ruta na dunia, na hapo sasa una haki ya kumpigia mtoa huduma.

Je, yote mawili yakitembea na brauza bado inagoma? Mafundi mliopo, nani anajua? Majina! Mtandao unasafiri kwa namba, sisi tunaandika majina, na kuna huduma iitwayo DNS inayogeuza jina kuwa namba. Huduma hiyo ikilegea, ping ya namba itaendelea vizuri huku brauza ikilia kwamba haioni tovuti. Dakika hiyohiyo fungua dirisha jeusi la tatu, andika nslookup, acha nafasi, andika jina la tovuti. Usitumie ping kwa jina ukaiacha itembee. Ping huuliza jina mara moja tu mwanzoni, baada ya hapo inatumia namba iliyokwisha kuipata, kwa hiyo itakudanganya. Nslookup huuliza upya kila unapoiandika. Ikikosa jibu, umempata mwizi wako. Nenda kwenye mipangilio ya ruta, pale pa DNS, weka 8.8.8.8 ya Google, ambayo ipo tangu 2009, au 1.1.1.1 ya Cloudflare iliyoanza 2018. Hazilipiwi.

Mnaandika? Vizuri. Sasa niwape kisa, maana bila kisa hii itabaki kuwa hesabu.

Kuna steshenari moja, sitaitaja, ambayo mashine ya kaunta ilikuwa inakata mtandao wakati wateja wamejaa. Asubuhi pakiwa kimya, safi. Wateja wakifurika, brauza inazunguka, inazunguka, inakata, inarudi. Mwenye duka akahitimisha kwamba mtandao umezidiwa na watu. Akaongeza kifurushi. Hakuna mabadiliko. Chrome ikaondolewa ikarudishwa. Windows ikapigwa upya. Hakuna mabadiliko. Na kuna siku mashine ilifanya kazi kutwa nzima bila kukohoa, wakasema imepona, kesho yake ikarudia.

Aliyelikamata ni dada wa kaunta, si fundi. Alikuwa anaandika saa ya kila kukata nyuma ya karatasi za fotokopi zilizoharibika, na pembeni yake anaandika alichokuwa anafanya. Fundi alipozisoma zile karatasi, pembeni ya kila saa palikuwa na neno lilelile: tumewasha printa. Tumewasha printa. Tumewasha printa.

Printa inakataje mtandao? Sikilizeni vizuri, kwa sababu wengi hapa mna printa za mtandao. Ruta humgawia kila aliyeunganishwa anwani yake. Yule aliyefunga printa aliiandikia anwani ya kudumu mwenyewe, tuseme 192.168.1.20, bila kuiambia ruta. Ruta haijui. Asubuhi kompyuta inawashwa kwanza, printa imezimwa ili kuokoa umeme, ruta inaona 20 haina mtu, inaipa kompyuta. Saa tatu wateja wanakuja, printa inawashwa, inaamka na kusema, mimi ni 20. Sasa wako wawili kwa anwani moja. Majibu yanayorudi kutoka kwenye tovuti, mara yanapelekwa kwa kompyuta, mara yanapelekwa kwa printa, na printa haina habari na maombi ya mkopo ya mtu. Brauza inasubiri barua iliyopelekwa nyumba nyingine.

Na zile siku nzuri? Siku ambazo printa iliwashwa kwanza. Kompyuta ilipopewa 20 ikauliza, kuna mtu hapa? Printa ikaitika, nipo. Kompyuta ikaikataa anwani hiyo, ikapewa nyingine, na siku ikaisha salama. Kumbe tofauti ya siku njema na siku mbaya ilikuwa ni nani kaguswa kwanza asubuhi! Nani angelijua hilo kwa kufuta historia ya brauza? Printa ilipelekwa kwenye 250, ruta ikaambiwa igawe kuanzia 2 hadi 200 tu, na hiyo ikawa kazi yote. Kile kifurushi kikubwa bado wanakilipia, nasikia wamekizoea.

Sasa msitoke hapa mkasema fundi amesema brauza haina kosa. Mara nyingine ni yenyewe kabisa.

Tarehe 13 Januari 2022, watu duniani kote waliwasha Firefox na haikufungua tovuti hata moja. Chrome kwenye kompyuta ileile inafungua. Simu inafungua. Firefox imekaa kimya. Watu wakazima ruta, wakafuta kila kitu, wakaiweka upya. Kumbe ndani ya Firefox kulikuwa na kosa dogo kwenye sehemu inayoshughulika na HTTP/3, namna mpya ya brauza kuzungumza na seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti. Kosa lilikuwa limelala. Siku hiyo huduma ya wingu ya Google, ambako Mozilla walikuwa wameweka baadhi ya seva zao, ikaanza kuitangaza HTTP/3 kwenye seva hizo. Firefox ikaenda kutuma taarifa zake za kawaida huko, ikaangukia kwenye kosa, ikaanza kuzunguka bila kikomo. Na kwa kuwa mambo yote ya mtandao ndani ya brauza hupita mlango mmoja, mlango ukaziba. Mozilla wakazima HTTP/3 upande wa seva zao, watu wakafunga brauza na kuifungua upya, ikapona. Hakuna aliyehitaji ruta mpya siku hiyo, lakini sishangai kama kuna waliouziwa.

Ndiyo maana nasema kila mashine iwe na brauza mbili. Na ziwe za koo mbili. Chrome, Edge, Opera na Brave zote zimejengwa juu ya msingi mmoja uitwao Chromium. Zikiugua, zinaweza kuugua pamoja. Ukiwa na Chrome, shahidi wako awe Firefox. Ukiwa na Chrome na Edge, umeleta mahakamani mtu na ndugu yake.

Ukishajua kesi ni ya brauza, fungua dirisha la faragha. Vile vijiprogramu vya nyongeza huwa havifanyi kazi humo mpaka uviruhusu. Tovuti ikifungua humo na kugoma dirisha la kawaida, vizime kimoja kimoja. Nianzie na kipi? Anzia na VPN ya bure. Naona watu wanacheka. Ile VPN kijana wa zamu aliweka ili aangalie mpira, halafu akasahau, na sasa kila ombi la TIN linazungushwa hadi nchi ya mbali kabla ya kurudi Morogoro. Ukiona brauza inataja proksi, yaani kompyuta ya kati inayopitisha maombi yako, kwenye ujumbe wake wa kosa, ingia mipangilio ya mtandao ya Windows, pale pa proksi. Mara nyingi utakuta anwani iliyoachwa na programu ambayo ilishaondolewa siku nyingi.

Na someni maneno ya kwenye skrini, jamani. Tunamwona dinosa hatusomi yaliyoandikwa chini yake. Ukiona INTERNET_DISCONNECTED, mashine yenyewe inasema haijaunganishwa. Ukiona DNS, ni majina. NETWORK_CHANGED maana yake mashine imehama mtandao katikati ya kazi, kwa mfano inarukaruka kati ya waifai ya duka na hotspoti ya simu ya mtu. Iambie Windows isijiunge yenyewe na ile hotspoti. Na ukiona CERT_DATE_INVALID, usiulize chochote, tazama saa iliyo kona ya chini kulia.

Hiyo ya saa nimeiona mara nyingi kwenye mashine za mezani za zamani, zile tunazochomoa ukutani jioni. Ndani ya mashine kuna kibetri cha duara, CR2032, kinachotunza saa umeme ukikatika. Kikiisha, kila asubuhi mashine inaamka ikidhani tuko mwaka ambao nusu ya wateja wako hawajaanza shule. Tovuti salama zote hubeba cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine ikikitazama inaona cheti cha miaka ijayo, inakikataa. Brauza inagoma, kwenye simu kunafunguka, mtu anapiga simu kulalamika. Baadaye saa inajirekebisha au mtu anaisahihisha, kila kitu kinafunguka, na tunasema "leo mtandao ulisumbua asubuhi." Kesho asubuhi tena. Kibetri kinapatikana hata kwa mafundi saa.

Bado kuna la WhatsApp. Mteja anasema, "Mtandao upo, mbona WhatsApp inaingia?" Ndugu yangu, umejiunga bando la aina gani? Kuna vifurushi vinavyoruhusu mitandao ya kijamii pekee. Bando kuu likiisha, ujumbe unaendelea kuingia na brauza inakufa. WhatsApp kuingia si ushahidi wa intaneti nzima. Angalia salio kabla ya kufungua mashine. Na kama duka linatumia hotspoti ya simu, nenda kwenye mipangilio ya waifai ya Windows, iambie muunganisho huo una kipimo (metered), ili isipakue masasisho makubwa kwa bando lako wakati mteja anasubiri.

Waifai yenyewe nitaipitia haraka kwa sababu muda unakimbia na naona Mwenyekiti anatazama saa. Mashine ya kaunta haihami. Kwa nini iko kwenye waifai? Ivutie waya. Ukishindwa, tambua kwamba kwenye mawimbi ya 2.4 GHz chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu, na mtaani kwako kila duka lina ruta. Kwa laptopu, ondoa ile ruhusa ya Windows kuzima kadi ya waifai ili kuokoa umeme.

Na mara nyingine si wewe, si ruta, si mtoa huduma wako peke yake. Mnakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024? Mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na nchi nyingi za mashariki mwa Afrika zikayumba, Tanzania ikiwa kati ya zilizoumia sana. Lakini haikuwa giza tupu. Baadhi ya vitu vilifunguka, vingine havikufunguka, vingine vilifunguka usiku tu. Hiyo ndiyo sura inayochanganya mafundi: inafanana kabisa na brauza mbovu. Tovuti ambayo seva yake iko hapa nchini haina haja ya kuvuka bahari. Ya Ulaya inavuka. Ukiona za hapa zinafunguka na za mbali zinakata, na jirani wa mtandao mwingine naye analia hivyohivyo, funga lile dirisha jeusi, wafahamishe wateja, fanya kazi za kuchapa. Hakuna utakachorekebisha hapo dukani.

La mwisho, simu kwa mtoa huduma. Mkipiga mkasema "mtandao wenu mbovu", mtajibiwa "zima ruta uwashe", na mtakuwa mmestahili jibu hilo. Sema hivi: "Leo umekata saa nne na dakika kumi na saa tano kasoro robo. Ping ya ruta inatembea, ping ya 8.8.8.8 inakwama, mashine zote mbili na simu zimekatika kwa pamoja, na natumia waya." Aliyepokea simu atanyamaza kidogo, kisha atakuhamishia kwa mtu anayejua. Mkinunua daftari la shilingi mia tano kwa ajili ya saa hizo tu, likae kaunta pamoja na kalamu iliyofungwa kamba ili wateja wasiondoke nayo.

Nimemaliza ya kwangu. Waliokuja na laptopu zinazosumbua, pale mezani mbele kuna umeme na kuna ruta. Ambaye ya kwake haisumbui kwa sasa, aiache imewashwa na yale madirisha mawili yakitembea, tuisubiri. Maswali, karibuni. Tuanze na kijana wa kuondoa Chrome.